Kanisa Lililobomolewa na Hospitali Iliyobaki

Watu wengi huenda Burgundy, Ufaransa, kuendesha baiskeli katikati ya mashamba ya mizabibu. Vilima si vikali, na kutoka Givry hadi Cluny, zaidi ya kilomita 40, njia inapita palipokuwa na reli. Sisi tunaosoma falsafa tunaona safari hiyo ina swali kwa parokia zetu.

Abasia ya Cluny ilianzishwa mwaka 910. Kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya Wakristo, mpaka ilipojengwa Basilika ya sasa ya Mtakatifu Petro. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa, likabomolewa, mawe yake yakajengea mengine. Imesalia sehemu ndogo tu.

Kaskazini, mjini Beaune, Nicolas Rolin na mkewe Guigone de Salins walianzisha hospitali ya maskini mwaka 1443. Waamini wakaiachia mashamba ya mizabibu. Jengo la kale sasa ni makumbusho, lakini divai ya mashamba hayo hupigwa mnada kila Novemba, na fedha zake bado zinasaidia hospitali.

Hatusemi tusijenge makanisa. Mungu anastahili nyumba nzuri. Lakini kamati ya ujenzi inapogawa bahasha za michango, tuulize pia: mgonjwa wa jumuiya yetu ndogo ndogo ametengewa nini? Mwendesha baiskeli, kwa kuwa haendi mbio, huyaona yote mawili. Nasi tuyaone kabla ya kuchimba msingi.