Mbona Masomo ya Watoto Wetu Yahifadhiwe Ng'ambo?

Mwalimu mkuu wa shule moja ya upili alitusimulia kisa ambacho hapana shaka walimu wengi watakitambua. Wazazi walikubali kuchanga pesa ili shule inunue intaneti ya megabiti 30 kwa sekunde badala ya 10. Fundi alikuja, akafunga mitambo, akapima kasi mbele ya mwalimu mkuu, na kweli nambari ikasoma 30. Siku ya pili wanafunzi wa kidato cha nne waliketi mbele ya tarakilishi kupakua karatasi za marudio za Kemia. Zilikuja kwa mwendo wa kobe, vilevile kama zamani. Ajabu ni kwamba kijana mmoja mtundu aliyekuwa amefungua video ya kandanda kwa siri aliitazama bila kukwama hata mara moja. Mwalimu mkuu alikata kauli kuwa ametapeliwa.

Mgala muue na haki umpe. Kampuni ilimpa alichonunua, nacho ni upana wa njia itokayo shuleni hadi kwenye mitambo yake. Tovuti za kupimia kasi aghalabu huchagua seva iliyo jirani, kwa hivyo hupima kipande hicho tu. Safari ya kutoka hapo hadi kwenye seva inayohifadhi kitu unachokitafuta haimo katika mkataba wa mtu yeyote.

Video ya yule kijana haikutoka mbali. Tangu mwaka 2011, Google imekuwa na seva za akiba humu nchini, zinazohifadhi nakala za vitu vinavyotazamwa na wengi. Karatasi za Kemia, zilizotungwa na walimu Wakenya kwa ajili ya silabasi ya Kenya, zilikuwa zimewekwa katika seva iliyoko mashariki mwa Marekani.

Umbali huo una gharama yake, na gharama yenyewe inaweza kuhesabiwa. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi mashariki mwa Marekani ni zaidi ya kilomita 12,000 kama ndege arukavyo, na kebo za baharini hazifuati njia ya ndege. Kwenda na kurudi huchukua yapata milisekunde 250. Msomaji atasema kwamba robo ya sekunde si kitu. Ni kitu, kwa sababu seva haimwagi faili yote kwa mkupuo. Hutuma shehena, ikangoja kuambiwa kwamba imepokelewa, ndipo itume nyingine. Tuchukue shehena ya kilobaiti 64, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kipimo cha juu. Seva iliyo umbali wa milisekunde 10 yaweza kutuma shehena 100 kwa sekunde, yaani kama megabiti 51. Ile ya milisekunde 250 itatuma 4 tu, na jumla yake ni megabiti 2. Shule iliyonunua megabiti 10 itapata 2, na iliyonunua 30 itapata 2 hizo hizo. Hapo ndipo michango ya wazazi ilipopotelea.

Ni kweli kwamba mashine za siku hizi huweza kuongeza ukubwa wa shehena. Lakini huanza na kidogo, zikaongeza hatua kwa hatua kila jibu linaporudi, na karatasi ya mtihani huwa imekwisha kupakuliwa kabla mwendo haujachanganya. Isitoshe, shehena ikipotea njiani, mtumaji hupunguza mwendo mara moja. Desturi hii ilitokana na msiba wa Oktoba 1986 huko California, ambapo mawasiliano baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Berkeley, majirani wasiotengana hata kwa nusu kilomita, yalianguka kutoka biti 32,000 hadi biti 40 kwa sekunde kwa sababu ya msongamano. Van Jacobson, mmoja wa wataalamu waliouchunguza msiba huo, alichapisha dawa yake mwaka 1988, nayo ndiyo iliyouokoa mtandao. Hata hivyo, apungukiwaye zaidi ni aliye mbali, kwa maana yeye hungoja muda mrefu zaidi kabla ya kuruhusiwa kuongeza mwendo tena.

Zipo sababu nyingine. Seva dhaifu ikigongwa na maelfu kwa pamoja, kama ionekanavyo siku ya matokeo ya mitihani ya kitaifa, itazidiwa hata ikiwa jirani. Wengine humwekea kila mgeni kiwango maalumu ili wote wapate. Hayo hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni juu ya umbali usio wa lazima, maana nchi hii ilikwisha kulipigania jambo hili. Novemba 2000, kampuni za intaneti za Kenya zilifungua Nairobi kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili barua ya Mkenya kwa Mkenya isizunguke ng'ambo kwa setilaiti. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kuhodhi mawasiliano, ililalamika, na serikali ikakifunga kituo baada ya majuma mawili hivi. Kilirejea Februari 2002. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba safari zilizokuwa zikichukua milisekunde 200 hadi 600 zilikuwa zimeshuka hadi 2 hadi 10. Kebo za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimekwisha kufika Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Njia tunazo. Lililobaki ni uamuzi wa mahali pa kuweka mali yetu.

Wachapishaji, mashirika na hata taasisi za umma hupeleka masomo ng'ambo kwa sababu kupangisha seva huko aghalabu ni rahisi kwa shilingi chache. Urahisi huo ni wao peke yao. Gharama huhamia kwa maelfu ya shule, na inayoumia zaidi ni ile ya mashambani ambayo laini yake ilikuwa hafifu tangu hapo. Kisha kuna hatari ya kebo kukatika. Jumapili ya Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na Afrika Kusini, intaneti ilidorora hapa, Tanzania na Uganda. Somo la kidato cha nne lisingojee meli ya kuunganisha kebo.

Twaitaka Wizara ya Elimu iweke sharti kwamba nyenzo zote za masomo zinazolipiwa kwa pesa za umma zihifadhiwe katika seva zilizo nchini na kuunganishwa na KIXP. Vyuo vikuu, ambavyo vimekuwa na mtandao wao wa KENET tangu mwaka 1999, vyaweza kuzifadhili shule kwa nafasi. Nao walimu wakuu, kabla ya kuwaomba wazazi pesa za kuongeza megabiti, wamwagize mwalimu wa tarakilishi apime kasi ya tovuti zile hasa ambazo wanafunzi huzitumia.

Mwalimu mkuu wetu alirudia megabiti 10. Karatasi za Kemia sasa hupakuliwa usiku na kuwekwa katika tarakilishi moja iliyo pembeni mwa maabara, na wanafunzi huzichukua humo asubuhi kabla kengele ya somo la kwanza haijalia.