Retingi Kubwa Codeforces, Je, Dhahabu ya IOI Iko kwa Mfuko? Cheki Hesabu Kwanza

Kila mwaka IOI ikikaribia, wasee wa kuandika programu huanza ule ubishi wao. Mtu anachukua majina ya timu, anaingia Codeforces, anacheki retingi ya kila mmoja, halafu anapanga nani atabeba dhahabu na nani atarudi nyumbani na tisheti. Ni kama kubuni mkeka wa wikendi, tofauti ni kwamba hapa hakuna mtu anachomeka doo.

Kwa wale hawako kwa hii rada: IOI ndio Olimpiadi ya Kimataifa ya Infomatiki, ya wanafunzi wa shule za upili, na kila nchi inaleta wanne tu. Codeforces nayo ni mtandao ulioanzishwa na Mrusi Mike Mirzayanov. Mashindano yake yako hewani tangu 2010, yeyote anaingia, anashindana, anapewa namba. Namba ikipanda, jina lako linabadilika rangi: kijivu, kijani, samawati, buluu, zambarau, machungwa, halafu nyekundu ukifika 2400. Ukiwa mwekundu huko, wewe ni mdosi.

Sasa, hiyo namba inajua ya kesho?

Tuanze na fomula yenyewe. Retingi imejengwa juu ya hesabu ya Elo, ile ya chesi. Mimi chuo niliwachia katikati lakini hii hata konda wa Githurai ataelewa. Msee akikuzidi pointi 400, anatarajiwa kukupiga mara 10 kwa kila mara moja unayompiga. Akikuzidi 200, kati ya mechi 100 anachukua kama 76. Akikuzidi 100 tu, anachukua 64. Yaani mtu wa 2400 anampita mtu wa 2500 mara 36 kwa 100, na hiyo ni ndani ya Codeforces kwenyewe, mchezo uleule, sheria zilezile. Hapo bado hatujapanda ndege kwenda IOI.

Na IOI ni mchezo mwingine. Codeforces unapewa kama masaa mawili na maswali matano au zaidi. Kwa raundi zao za kawaida, pointi za swali zinashuka kila dakika unayochelewa, na programu yako lazima ipite majaribio yote, la sivyo unabaki mkono mtupu. Huko ni mbio. IOI ni siku mbili, masaa matano kila siku, maswali matatu kila siku, 100 kwa kila swali, jumla 600. Haraka haikuongezei hata pointi moja. Halafu swali limekatwa vipande: ukishindwa kumaliza lote, unaokota kile unachoweza, 12 hapa, 30 pale. Kuna msee mtulivu anajua kuokota, na kuna mwekundu ambaye atang'ang'ana na swali moja masaa matatu kwa sababu amezoea yote au hakuna. Huyo mtulivu akimpita, usishangae. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka wa 2003, akakosa timu ya London 2012, akahamia barabarani, na dunia ikaanza kumwimba upya. Miguu ilikuwa ileile.

Ushahidi mtamu zaidi hata si wa binadamu. OpenAI walichukua AI yao moja, wakaipima kwa hesabu ya Codeforces, ikapata 2214. Hiyo ni rangi ya machungwa, juu ya karibu kila mtu unayemjua. Wakaipeleka kwa maswali ya IOI 2024, yale ya Alexandria, Misri, na sheria ya kutuma majibu 50 kwa swali kama wanafunzi. Ikatoka na 213, katikati ya umati. Halafu wakailegezea: tuma majibu 10,000 kwa swali. Ikapiga 362, kiwango cha dhahabu. Sheria moja tu ndiyo ilibadilishwa. Retingi haingekuambia lolote kati ya hayo mawili.

Lakini mtu asiniskie vibaya, sisemi namba ni takataka. Benjamin Qi wa Marekani alikuwa namba moja IOI 2018 na 2019, na Codeforces pia alikuwa mwekundu wa kutisha. Ukiniletea kijana wa 1400 na mwingine wa 2600, siombi muda wa kufikiria. Shida ni kwamba ukifika IOI, wale wa juu wote wamekaribiana. Ni kama Iten. Mapafu makubwa yatakutofautisha na mimi ninayepanda ngazi nikihema, lakini Iten kila mtu ako nayo, hayawezi kukuambia nani atashinda Jumapili. Vilevile, kadiri unavyopanda, ndivyo namba inavyonyamaza.

Halafu kuna Gennady Korotkevich wa Belarus, ambaye Codeforces wanamjua kama tourist. Mwaka wa 2024 alivuka 4000, mtu wa kwanza kufika hapo. Ana dhahabu sita za IOI, 2007 hadi 2012, na fedha ya 2006 akiwa na miaka 11. Rudi kwa hizo tarehe. Alipokuwa wa kwanza duniani 2009, Codeforces haikuwa hata imeandaa shindano moja. Dhahabu ilitangulia, namba ikafuata.

Kitu kingine watu hawacheki ni saa. Mashindano mengi ya Codeforces huanza 11:35 jioni saa za Moscow, na saa za Moscow ndizo zetu. Uchina hiyo ni 4:35 usiku, na mtoto ako na shule asubuhi. Wachina wana mitandao yao ya mazoezi kama Luogu, so unaweza kupata kijana wao ana retingi ya kawaida tu huko Codeforces, halafu anakuja kubeba dhahabu.

Sisi saa iko poa, shida ni simu. Mwanafunzi wa bweni hapa Kenya haruhusiwi kuwa nayo, so atashindana likizo, kwa bundles za mathe, pengine kwa simu yenye skrini imepasuka. Namba yake ikiwa ndogo inapima hiyo likizo. Mtu akitumia hiyo retingi kuchagua timu, au kuamua nani aitwe intavyu, atakuwa amechagua mwenye laptopu.

Na siku hizi hata zile kubwa zinatiliwa shaka, kwa sababu kuna wasee wanabandika swali kwa AI wanangoja jibu. Codeforces waliweka sheria ya kuzuia hiyo 2024. IOI unakaa ukumbini, hakuna intaneti, msimamizi anakuona.

Kwa wewe umefungua akaunti juzi, unaona namba ya aibu na marafiki wanakucheka: tangu 2020 akaunti mpya huonyesha kuanzia 0, ingawa hesabu ya ndani huanzia 1400. Tofauti hiyo inafidiwa polepole kwa mechi zako sita za kwanza. Cheza zote sita, ndio uanze kuiangalia.