Kapeti juu ya sakafu mbovu: tunamficha nani?

Jamani, nimegombana na familia nzima kwa sababu ya kapeti.

Ilianza hivi. Mwezi uliopita mdogo wetu wa mwisho alitutangazia kwamba wakwe watarajiwa wanakuja nyumbani Chanika kujitambulisha. Nasema Chanika ya Handeni mjini, si ile ya Dar, maana kila nikitaja kwetu watu hunielekeza Pugu. Basi kundi la familia kwenye simu likachangamka. Nani ataleta mbuzi, nani atakodi viti, nani atampitia mjomba Korogwe. Katikati ya hayo kaka mkubwa akatoa hoja: kila mtoto achange, tutandike kapeti la manyoya sebule nzima, ukuta hadi ukuta, tena juu ya sakafu iliyopo. Hakuna kubomoa, kazi ya siku moja. Watu wakamwaga vidole gumba. Mimi nikaandika neno moja tu: "Sichangii."

Weee! Nikaitwa bahili. Nikaitwa mwandishi wa habari anayetafuta kasoro hadi kwa mama yake. Sasa naomba nijieleze hapa, maana kule sikupewa nafasi.

Hiyo sakafu iliyopo ni ya lamineti. Kwa ambao hamjaikagua kwa karibu, ni zile mbao nyembamba zinazoingiliana kwa ndimi, zinazong'aa kama mninga lakini si mninga. Ndani yake kuna nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi. Juu yake ni karatasi yenye picha ya mbao, halafu utando mgumu wa kuzuia mikwaruzo. Ilibuniwa na kampuni ya Perstorp ya Sweden mwaka 1977, na leo imefika hadi Chanika. Sina ugomvi nayo. Chumba kikiwa kikavu inapendeza na inadumu. Ila ina adui mmoja mkubwa, maji. Zile nyuzi zikinywa maji zinavimba, na zikishavimba hazirudi zilivyokuwa.

Ya kwetu imevimba. Kaka aliiweka miaka mitano iliyopita, kwa nia njema na kwa pesa yake mwenyewe, na siku ile sote tulipiga picha tukiwa peku ili sakafu ionekane. Masika ya kwanza kingo zikaanza kunyanyuka. Masika ya pili, karibu na mlango wa uani, ikafura kama chapati kwenye kikaango. Mama amepaita "kwenye tuta". Mgeni akipita utamsikia, "Taratibu hapo mwanangu, kuna tuta."

Nilipokwenda mara ya mwisho nikaomba bisibisi, nikafungua ubao wa pembeni na kunyanyua vipande viwili. Harufu iliyotoka pale sitaisahau. Sponji ya chini ilikuwa imelowa na upande wa chini wa mbao una ukungu mweusi. Nikaona na kosa jingine: mbao zimebanwa hadi ukutani. Sakafu ya namna hii haipigiliwi misumari, inakaa tu juu ya saruji kama jamvi gumu, na hutanuka na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika. Ndiyo maana huachwa nafasi ya kama milimita 8 hadi 10 kuzunguka chumba chote, halafu ile nafasi inafichwa na ubao wa pembeni. Yetu haikuachiwa hata nafasi ya kupitisha kisu. Ikitanuka itakwenda wapi kama si juu?

Nikapangusa saruji pale wazi, nikabandika kipande cha nailoni, karibu nusu mita kila upande, kingo zote nikaziba kwa selotepu. Nikakiacha usiku kucha na mchana wake. Nilipobandua, chini ya nailoni kulikuwa na matone na saruji imegeuka rangi. Maana yake maji yanapanda kutoka ardhini. Uani kwetu kumeinamia nyumba, bati la nyuma halina mfereji, na mvua yote inamwagika kwenye msingi. Handeni hii hii ambayo ndoo ya maji ni hesabu ya familia, ambayo tangu utoto tunasikia habari za bomba la maji ya Mto Pangani, maji tumeyakuta bure chini ya sebule!

Sasa rudini kwenye hoja ya kaka. Tutandike kapeti la kuenea chumba kizima juu ya hapo. Kapeti la namna hiyo hushikwa kwa vijiti vyenye misumari vinavyopigiliwa kuzunguka kuta. Ukivipigilia kwenye lamineti unaikaba sakafu iliyotakiwa kuwa huru, na tuta litakuwa kubwa zaidi. Pili, ule unyevu ambao leo unapata pa kupumulia kidogo, unaufungia chini ya sponji ya kapeti na manyoya yake. Ukungu unapenda nini zaidi ya hapo? Tatu, tuta lenyewe haliondoki. Linajificha tu, na tuta usiloliona ndilo linaloangusha watu.

Nitende haki. Kama lamineti yenu ni kavu, imenyooka, haichezi mkiikanyaga, mnaweza kutandika zulia juu yake msipate neno. Hasa zulia la kulaza tu, ambalo Jumamosi mnalikunja na kulitoa nje. Waliopanga Dar wanafanya hivyo kila siku kwa sababu mwenye nyumba hataki sakafu yake iguswe. Mimi nasema juu ya sakafu mgonjwa.

Na nyumba ile ina mgonjwa mwingine. Mama ana pumu. Kapeti la manyoya ni makao ya vumbi na utitiri wake, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao wanajulikana kwa kuchokoza pumu. Vumbi jekundu la Chanika hamlijui? Ukifagia asubuhi, saa sita unaandika jina lako mezani. Kapeti lililobanwa ukuta hadi ukuta hulitoi nje kulikung'uta wala kulianika. Linataka mashine ya kufyonza vumbi na umeme usiokatika. Sisi watoto tutapiga picha na wakwe, Jumapili tutarudi Dar, Arusha na Mwanza. Atakayelala na kapeti ni mama.

Kuna jingine linaloniuma kama mtoto wa mkoa wa Tanga. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliingiza miche ya mkonge nchini. Iliyosalimika ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka hiyo miche 62 tulifika mwaka 1964 tukizalisha karibu tani 230,000, na Korogwe nzima ukipita ni mkonge kushoto, mkonge kulia. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakageuka pori. Kapeti tunalochangia ni la polipropilini, plastiki ile ile iliyotengeneza kamba zilizoangusha mkonge wetu. Huko Ulaya zulia la mkonge ni kitu cha watu wenye uwezo. Sisi tunaoishi kando ya mashamba tunaagiza plastiki. Msinielewe vibaya, hata la mkonge lisingefaa juu ya sakafu ile, nalo linachukia unyevu. Nasema tu kwamba tunapochagua cha kutandika, mara nyingi tunachagua kwa macho ya mgeni.

Nadhani kiini cha ugomvi wetu kiko hapo. Wote kwenye kundi la simu wanajua sakafu imeharibika. Hakuna anayetaka kulisema mbele ya kaka mkubwa, kwa kuwa ni kazi yake, pesa yake na heshima yake. Kwa hiyo kapeti halifuniki sakafu, linafunika mazungumzo ambayo hatutaki kuyafanya. Na tabia hii si ya familia yetu peke yake. Nimefanya kazi ya habari muda wa kutosha kuona kiongozi akitangaziwa ziara, mara mawe ya barabarani yanapakwa chokaa, mashimo yanafukiwa kwa kifusi, ukuta wa mbele wa zahanati unapakwa rangi na wa nyuma unaachwa na nyufa zake. Msafara ukipita, mvua ya kwanza inarudisha kila kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua, tulifundishwa tangu darasa la tatu.

Wenzetu waliowahi kuanza na sakafu yenyewe walipata faida ambayo macho hayaioni. Mexico, katika jimbo la Coahuila, mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwawekea watu maskini zege mahali pa sakafu ya udongo. Watafiti waliochapisha matokeo mwaka 2009 walikadiria kwamba nyumba ya sakafu ya udongo ikiwekwa saruji yote, vimelea kwa watoto vinapungua kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Walimwaga zege tu, hakuna manyoya wala picha ya mninga. Ukitoka Chanika kidogo tu kwenda vijijini utakuta nyumba nyingi ambazo watoto bado wanatambaa juu ya udongo. Nikikumbuka hilo, naona haya kuchangia kapeti la kuficha uzembe.

Pendekezo langu basi ni hili. Lamineti yote ing'olewe. Bati la nyuma liwekewe mfereji na uani uchimbwe mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi. Sakafu iachwe ikauke, kisha itandazwe nailoni nzito, imwagwe zege jipya la unene wa kutosha na kupigwa niru, ile sakafu laini ya zamani unayoipangusa kwa nusu ndoo. Juu yake mkeka, au zulia dogo la kukunja. Gharama ni kubwa kuliko kapeti, najua. Nimesema nitatoa mara mbili ya nilichoombwa.

Juzi nilimpigia mama mwenyewe, maana katika kelele zote hizi hakuna aliyemuuliza. Nikamwamkia, nikamweleza yote, pamoja na uoga wangu kwamba kaka atakasirika. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba mwezi wa tatu alijikwaa pale kwenye tuta usiku, akaanguka, na hakutuambia kwa sababu hakutaka kaka yetu ajisikie vibaya.

Unaona? Hata yeye alikuwa ametandika kapeti lake.

"Ng'oeni," akasema. "Kaka yako nitaongea naye mimi. Hao wageni wanakuja kumposa mtoto, hawaji kuposa sakafu. Zege lisipokauka tutakaa chini ya mwembe."

Kwa hiyo wakwe, kama mnasoma hapa, karibuni sana Chanika. Mtatukuta chini ya mwembe, juu ya mikeka. Kaka bado hajanijibu simu, lakini nasikia jana alikwenda mwenyewe kupima mtaro.

Nakunja jamvi. Uzuri wa jamvi ndio huo, linakunjika.