Mwaliko wa Ugenini

Mama mmoja ametuuliza: mwanawe asomaye Tokyo amealikwa na mwalimu wake kwenye mkahawa wa sushi wa hadhi ya juu, je, aende?

Twajibu: na aende. Samaki ni halali, awe mbichi au amepikwa. Wali wake hutiwa siki, nayo haina ubaya. Tena huliwa kwa mkono, kama tulavyo sisi. Shaka imo katika mchuzi wa soya apakwao samaki, kwani mara nyingi huchanganywa na mirin, mvinyo mtamu wa mchele.

Katika mikahawa hiyo mgeni aghalabu hachagui. Mpishi humpangia, kipande baada ya kipande, mbele ya macho yake. Kukataa pale pale ni kumtahayarisha mwenyeji. Basi kijana amweleze mwalimu wake mapema, kabla nafasi haijawekwa, ili mpishi aandae soya isiyotiwa mvinyo. Ikishindikana, aombe radhi kwa upole.

Nasi wazazi tuwafunze watoto, wangali nyumbani, kuitaja haja ya dini yao bila ya haya wala ukali.

Wabillahi tawfiq.