Shaba Ikipanda, Tuweke Akiba

Mwanzoni mwa 1993 serikali ya Zaire iliwalipa askari mishahara kwa noti mpya za zaire 5.000.000. Wafanyabiashara walizikataa, askari wakaasi, na Kinshasa ikaporwa. Fundisho ni wazi: serikali ikitumia kupita mapato yake, na Banki Kuu ikachapa noti ili kuziba pengo, anayelipa ni mnyonge.

Tangu hapo mengi yamerekebishwa. Mwaka 2020 serikali na Banki Kuu ya Kongo zilitia sahihi mapatano: hazina itumie kile tu kilichoingia, nayo Banki isiikopeshe. Tunaisifu hatua hiyo, lakini haitoshi.

Uchumi wetu hupanda na kushuka pamoja na bei ya shaba. Katika 2008 tani moja ilizidi dola 8.000, mwisho wa mwaka ule ule ilikaribia 3.000. Kodi zilipungua, franka ikadhoofika, bei sokoni zikapanda. Je, Banki Kuu yaweza kutuliza mambo peke yake? Mwezi wa nane 2023 ilipandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi 25. Lakini sehemu kubwa ya fedha zilizowekwa katika mabanki yetu ni dola; riba ya franka haifiki mbali. Mkono mmoja haulei mwana.

Na kanuni ya kutumia kilichoingia ina kasoro yake: mapato yakiwa mengi, yote hutumiwa, yakipungua, mwalimu na zahanati ndio huumia kwanza. Kwa hiyo twasema: shaba inapopanda, sehemu ya ziada iwekwe kisheria, inaposhuka, akiba hiyo ilipe mishahara pasipo kuchapa noti. Hapo Banki nayo itaweza kushusha riba bila hofu kubwa ya bei kupanda.

Wengine watajibu kwamba vita vya mashariki havingojei akiba. Ni kweli, na ulinzi una gharama. Lakini gharama hiyo ikilipwa kwa noti tupu, mkimbizi atalipa mara mbili: kwanza kwa kupoteza shamba, kisha kwa bei ya unga.

Kila mwezi wa tisa Bunge hufungua kikao cha bajeti. Basi tuwaulize wabunge wetu swali moja: mwaka huu wa neema, mmeweka nini kwa ajili ya mwaka wa ukame?