Chimba Kisima Chako Kabla ya Safari ya Elwak

Vyuo vinapofungwa wapo wanafunzi wanaorudi nyumbani Elwak, Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Somalia. Anayesomea kutengeneza tovuti hujiuliza: nitafanyaje mazoezi huko, na bando ni pesa ya sukari ya nyumbani? Jibu ni kwamba mazoezi hayo hayahitaji intaneti kila siku. Yahitaji jioni moja ya maandalizi kabla hujapanda basi.

Tovuti hukaa ndani ya kompyuta iitwayo seva, ambayo huwapa wageni kurasa wanazoomba. Wengi hudhani lazima seva iwe ng'ambo. La hasha! Hiyo iliyo mezani pako yaweza kuwa seva, ikajiomba na kujijibu yenyewe. Jina Elwak hufasiriwa kuwa "visima vya Mungu". Basi nawe chimba kisima chako uani, usingoje bomba la mbali.

Vifaa vyote ni bure. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki. Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, ilitolewa mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Huna haja ya nakala za wizi zilizojaa virusi.

Lakini tahadhari! Kompyuta ya nyumbani ni ya wengi: hesabu za duka la mama zimo, picha za harusi zimo. Ukikosea unapoweka Ubuntu, waweza kufuta diski nzima. Nakili kwanza kila kitu kwingine. Kisha andaa flashi ya gigabaiti 16, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo na uchague kujaribu tu, diski haitaguswa. Kama kompyuta ni kongwe, tumia Lubuntu, iliyo nyepesi zaidi.

Ukisharidhika na kuiweka, fungua dirisha la amri ungali na intaneti. Andika "sudo apt update", kisha "sudo apt install apache2 php libapache2-mod-php mariadb-server php-mysql". Apache ndiyo seva, PHP ni lugha ya kuandikia kurasa, na MariaDB ni ghala la taarifa. Pakua pia mwongozo wa PHP, uwe mwalimu wako huko.

Sasa zima intaneti ujipime. Ndani ya folda "/var/www/html" hifadhi faili "salamu.php" lenye mstari huu: <?php echo "Habari, Elwak"; ?>. Ukikatazwa kuhifadhi, folda ni ya msimamizi. Andika "sudo chown -R $USER /var/www/html", kisha urudie. Fungua kivinjari, uandike "localhost/salamu.php". Salamu ikitokea, safiri kwa amani. Isipotokea, afadhali umejua ungali mahali penye msaada.

Wala usijione uko pembeni mwa dunia. Rasmus Lerdorf, aliyeanzisha PHP, alizaliwa mwaka 1968 katika kisiwa chenye barafu huko Greenland. Likizo hii mtengenezee mama ukurasa wa kuandikia madeni ya wateja wake. Hapo ataona karo yake inafanya kazi.

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akipenda.