Kiini cha Dunia: Nani Alikipima Joto?

Wanafunzi wenzangu, kuna swali lipendwalo sana madarasani: kiini cha dunia kina joto kiasi gani? Tunaandika nambari moja, tunapewa alama, basi. Mimi nasema nambari hiyo peke yake haitoshi. Nani aliyefika huko, kilomita elfu kadhaa chini ya miguu yetu, na kipimajoto mkononi?

Hakuna. Wataalamu huchukua kipande cha chuma wakakigonga kwa kisahani kilichorushwa na bunduki ya gesi, mwendo wa kilomita 6 au 7 kwa sekunde. Mshtuko hukibana chuma hicho kwa shinikizo kama la huko kiini, na mambo huisha kabla ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kipimajoto cha kugusa kitawahi wapi? Kwa hivyo husomwa mwangaza. Mhunzi yeyote anajua kwamba chuma cheupe kina moto kuliko chekundu. Pairomita ni jicho la mhunzi, ila lenyewe hupima ukali wa mwangaza, rangi kwa rangi.

Hapo ndipo penye utata. Vitu viwili vyenye joto sawa si lazima ving'ae sawa. Hutegemea uso wa kila kimoja. Ukisoma rangi moja tu, utadanganyika. Ndiyo sababu mwaka 1979 Lyzenga na Ahrens wa Caltech, Marekani, walieleza pairomita ya rangi 6. Lakini hata hizo 6 hazimalizi udhia, maana chuma hutazamwa kupitia dirisha angavu, na dirisha nalo hupigwa na mshtuko. Likianza kung'aa lenyewe je?

Tazameni sasa. Mwaka 1987 wanasayansi wa California, wakitegemea sana majaribio ya mshtuko, walisema kwamba kwenye mpaka wa kiini kigumu na kile cha majimaji, chuma huyeyuka kwa kelvini 7,600, labda 500 zaidi au pungufu. Mwaka 2013 wengine, huko Grenoble, Ufaransa, walibana chuma kati ya almasi, nao pia wakasoma mwangaza. Walikadiria 6,230, vilevile 500 zaidi au pungufu. Pigeni hesabu: hata kwa nafasi hiyo, nambari hizo hazikutani!

Sisemi wanasayansi ni waongo, la hasha. Nataka vitabu vyetu viandike mwaka na namna joto hilo lilivyopimwa, na mtihani utuulize: limejulikanaje? Najua wapo watakaonung'unika ati tunaongezewa mzigo. Mimi niko tayari kulijibu, hata kesho asubuhi kabla ya gwaride.